Kutoka Harambee hadi Ubia: Elimu, Jamii na Vita Dhidi ya Umaskini Nchini Kenya

Utangulizi

Kenya ilipopata uhuru, viongozi wake walitaja maadui watatu wa taifa: umaskini, ujinga na maradhi. Maadui hawa walitajwa kwa pamoja kwa kuwa kila mmoja humlisha mwenzake. Mzazi asiye na kitu hushindwa kulipa karo. Mtoto aliyeachia masomo njiani hukosa kazi ya maana. Naye akija kuwa mzazi hujikuta pale pale alipokuwa mzazi wake. Swali lililowakabili wananchi wa kawaida wakati huo, na ambalo lingali linatukabili, ni hili: mnyororo huu ukatwe wapi, na ni nani atakayeshika tindo?

Jibu la Wakenya wengi limekuwa shule. Aidha, mara nyingi shule hiyo hawakuisubiri kutoka serikalini, waliijenga wenyewe. Makala haya yanachunguza juhudi hizo za jamii za kupunguza umaskini kwa njia ya elimu. Tutaanza kwa kufafanua dhana za msingi, kisha tutapitia historia ya shule za harambee pamoja na fanaka na dosari zake. Baada ya hapo tutatazama mfano wa shule za awali za madrasa katika Pwani ya Kenya, na hatimaye tutaangazia nafasi ya Kiswahili na ya wanafunzi wake katika jambo hili. Hoja yetu kuu ni kwamba elimu inayotokana na juhudi za jamii hupunguza umaskini pale ambapo anayechanga ana kauli juu ya kilichochangiwa. Mchango ukiwa wa wengi na kauli ikawa ya wachache, shule inaweza kujengwa na umaskini ukabaki ulipokuwa.

Ujima, Bia na Harambee: Ufafanuzi wa Dhana

Kuunganisha nguvu si jambo geni katika jamii zetu. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, nao Waluo wana saga. Kiswahili chenyewe kina hazina pana ya msamiati huu. Ujima ni kusaidiana katika kazi, hasa za shamba, ambapo leo tunalima kwako na kesho tunalima kwangu. Msaragambo ni kazi ya kujitolea inayofanywa na watu wengi kwa manufaa ya wote. Kikoa ni kula kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Bia nayo ni ushirika ambamo kila mtu hutoa fungu lake na kupata fungu lake. Na kutokana na neno hilo tumepata mbia na ubia.

Maneno haya yana sifa moja inayoyaunganisha. Katika yote, mtoaji ndiye mpokeaji na mpokeaji ndiye mtoaji, isipokuwa zamu tu ndizo hutofautiana. Ni muhimu kuitenga dhana hii na ile ya ufadhili. Mfadhili hutoa, mfadhiliwa hupokea na kushukuru. Na anayeshukuru si rahisi kumuuliza mwenziwe hesabu. Mbia, kinyume chake, ana haki ya kuuliza, kwa sababu fungu lake limo ndani.

Harambee ni wito wa watu wanaovuta au kusukuma kitu kizito kwa pamoja. Asili ya neno lenyewe imezua mjadala, na wapo wanaolihusisha na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Lisilo na ubishi ni kwamba Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, na kwamba limeandikwa kwenye nembo ya taifa letu. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, wito huu ni wa jamaa ya nyimbo za kazi. Kiongozi huanza, umati ukaitikia, na mapigo ya sauti yakapanga mapigo ya mikono. Ikumbukwe kwamba katika wimbo wa kazi kiongozi mwenyewe huwa ameishika kamba. Sauti yake ina uzito kwa sababu jasho lake limo. Jambo hili tutalirudia.

Shule Zilizojengwa kwa Mikono ya Wengi

Historia ya shule za jamii nchini Kenya ilitangulia uhuru. Kufuatia mgogoro wa mwaka 1929 baina ya wamishonari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wengi wa Kati waliwaondoa watoto wao katika shule za misheni na kuanzisha shule huru. Shule hizo zilihitaji walimu, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akaongoza kuanzishwa kwa Chuo cha Ualimu cha Githunguri. Michango ya chuo hicho ilikusanywa kwa marika, kila rika likitaka lisipitwe na jingine. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule nyingi za aina hii, pamoja na chuo chenyewe, Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Somo lililobaki ni kwamba watu waliohesabiwa kuwa maskini waliweza kuendesha mfumo mzima wa elimu, kuanzia darasa la mtoto hadi mafunzo ya mwalimu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Kenya ilikuwa na shule za upili 151 tu, zenye wanafunzi wapatao 30,000. Wakati huohuo maelfu ya watoto walikuwa wakimaliza shule za msingi kila mwaka bila ya kupata pa kwenda. Hapo ndipo harambee iliposhika kasi. Wanakijiji walitenga kiwanja, wakafyatua matofali, wakachota mchanga mtoni, wakauza kuku na mbuzi, wakaezeka. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, shule za upili zisizopata ruzuku ya serikali, nyingi zikiwa za harambee, zilikuwa zimezipita kwa idadi zile za serikali.

Shughuli hii haikukomea kwenye shule za upili. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza mtoto aliyemaliza shule ya msingi aelekee wapi. Kutokana na mjadala huo zikazuka politekniki za vijiji, zilizofunza useremala, uashi, ushonaji na kazi nyinginezo za mikono. Katika miaka ya 1970 zikafuata harambee kubwa zaidi za kujenga vyuo vya teknolojia. Baadhi ya vyuo vikuu vya leo vilikulia humo: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kule Kakamega, ambacho wenyeji walikijua kwanza kwa jina la WECO. Hivyo basi, mwanafunzi wa chuo kikuu anayedhani kwamba hajawahi kula jasho la mwanakijiji huenda ameketi juu yake.

Akina mama hawakuachwa nyuma. Katika mkoa wa Kati, miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya wanawake vilichanga kwa zamu ili kila mwanachama aondoe paa la nyasi na kuezeka mabati. Vikundi vya mabati, kama vilivyoitwa, vilipomaliza mapaa viligeukia matangi ya maji, ng'ombe wa maziwa na karo. Huu ni mfano bora wa uhusiano wa elimu na uchumi wa nyumbani: ng'ombe alilipa karo, na paa la mabati likamwezesha mtoto kusoma usiku wa mvua bila ya kuhamisha kitanda.

Harambee Katika Mizani

Faida za harambee ni bayana. Watoto wengi waliokosa nafasi katika shule za serikali walizipata huko. Wasichana hasa walifaidika, kwa kuwa shule ya karibu ilimwondolea mzazi hofu ya kumpeleka bintiye mbali na gharama za bweni. Kutokana na shule hizo walipatikana walimu, wauguzi, makarani na mafundi ambao mishahara yao iliwasomesha wadogo zao. Kwa familia nyingi, mtoto mmoja aliyesoma ndiye aliyekuwa daraja la wengine.

Hata hivyo, dosari nazo hazikuwa ndogo. Kwanza, jengo si shule. Jamii iliweza kujenga darasa kwa wiki kadhaa, lakini ilipata shida kumlipa mwalimu kila mwezi. Shule nyingi za harambee ziliajiri walimu wasiohitimu, hazikuwa na maabara wala maktaba, na matokeo yao ya mitihani yalikuwa duni. La kusikitisha ni kwamba karo yao mara nyingi ilizidi ile ya shule za serikali. Kwa hiyo, mtoto wa maskini alilipa zaidi akapata kidogo, huku mwenzake aliyepata nafasi katika shule yenye ruzuku akilipa kidogo akapata zaidi. Wazazi wengi walijenga wakitarajia kwamba serikali ingelazimika kuichukua shule ikishasimama. Matarajio hayo yalitimia kwa baadhi, na kwa wengine yakachukua miaka.

Pili, harambee ilifuata mfuko. Sehemu zenye kahawa, chai na watu wenye mishahara zilichanga zaidi, zikajenga zaidi na zikasomesha zaidi. Wafugaji wa maeneo makavu na wavuvi wa vijiji vya mbali walibaki nyuma. Njia iliyokusudiwa kupunguza pengo ikawa, katika sehemu fulani, inalipanua.

Tatu, cheti hakikuwa na kazi ya kukipokea. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ilibainisha tatizo la vijana waliosoma wakakosa ajira, na pia ilitambua thamani ya wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Shule zilizojengwa kwa harambee zilizidi kuiga mtaala wa kutafuta kazi za ofisini, ilhali ofisi zilikuwa chache. Politekniki za vijiji, ambazo zingejibu sehemu ya tatizo hili, zilichukuliwa na wazazi wengi kuwa mahali pa waliofeli. Dhana hiyo ingali inatutesa.

Kamba na Jukwaa

Turudi sasa kwenye wimbo wa kazi. Kadiri miaka ilivyosonga, kiongozi wa wimbo aliiachilia kamba akapanda jukwaani. Harambee ikawa hafla yenye hema, mgeni wa heshima, vipaza sauti na bahasha. Majina ya watoaji yalisomwa kwa kufuata ukubwa wa mchango. Ajuza aliyekuwa na kuku wawili akatoa mmoja alikuwa ametoa nusu ya mali yake, lakini jina lake lilisomwa mwisho, kama lilisomwa kabisa. Kwa maneno ya fasihi, utanzu ulikuwa umebadilika: wimbo wa kazi ukageuka sifo, na waliokuwa waitikiaji wakawa hadhira.

Badiliko hili lilikuwa na athari za moja kwa moja kwa elimu. Mradi ulichaguliwa kwa kuangalia utakavyompamba mtoaji. Machifu walitumwa kudai michango, na hiari ikawa ya jina tu. Utafiti wa tawi la Kenya la Transparency International, uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulionyesha kwamba michango ya wanasiasa iliongezeka sana uchaguzi ulipokaribia. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kutumia cheo chake kumshurutisha mtu achange. Sheria hiyo haikulimaliza tatizo, kwani Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza tena kupiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki katika harambee.

Serikali nayo ilijaribu njia nyingine. Januari 2003 karo ya shule za msingi za umma ilifutwa, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, ambayo wengi huiita CDF. Hazina hiyo ilitengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, na fedha zake zimejenga madarasa na kulipa basari katika kila pembe ya nchi. Lakini katika sheria ile ya awali mbunge ndiye aliyeunda kamati ya kugawa fedha. Matokeo yake ni kwamba kodi ya mwananchi ilimrudia ikiwa na sura ya zawadi ya mtu. Mlipa kodi ambaye ni mbia akageuzwa mfadhiliwa. Sheria hiyo imepingwa mahakamani zaidi ya mara moja tangu hapo.

Isitoshe, elimu bila karo ilileta athari ambayo haikutarajiwa. Katika sehemu nyingi wazazi waliacha kuhudhuria mikutano na kuchangia ukarabati, wakiamini kwamba shule sasa ni ya serikali. Huenda ni kwa sababu waliitwa kutoa pekee kwa miaka mingi. Waliposamehewa kutoa, hawakuona sababu nyingine ya kuja.

Ubia wa Pwani: Shule za Awali za Madrasa

Je, ipo njia ambayo jamii, wataalamu na watoa fedha wanaweza kushirikiana bila ya mmoja kummeza mwenzake? Mfano mmoja unaostahili kuzingatiwa unatoka Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani waliona kwamba watoto wao wengi walihudhuria chuo cha Kurani lakini walianza shule ya msingi bila ya maandalizi, wakabaki nyuma mapema. Wazazi walitaka watoto wafaulu shuleni bila ya kupoteza dini na utamaduni wao. Viongozi hao wakamwomba Aga Khan msaada, na wakfu wake ukaanza kushirikiana na Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa. Shule ya kwanza ya awali ya madrasa ilifunguliwa mwaka 1986. Mpango huo baadaye ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993.

Utaratibu wake ndio unaotuhusu hapa. Kabla ya shule kuanza, vikao virefu vilifanywa na wazazi, kisha mkataba ukatiwa saini kati ya jamii na kituo cha mafunzo. Jamii ilitoa mahali, iliteua kamati ya kuiendesha shule, na ilichagua wanawake wa mtaa wenyewe wafunzwe ualimu. Kituo nacho kilitoa mafunzo na kuwafuata walimu madarasani kuwaelekeza. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya karibu: vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vifuniko vya chupa, ukili. Watoto walijifunza kwa nyimbo na hadithi za lugha yao. Baada ya kipindi cha malezi, shule iliyotimiza masharti ilihitimu na kusimama yenyewe. Baadhi ya shule ziliwekewa hazina ndogo, jamii ikiweka fungu lake na wafadhili fungu lao, ili faida yake isaidie gharama za kila siku. Utaratibu huo wahusika waliuelewa kwa urahisi, kwani Uislamu una wakfu tangu jadi.

Je, watoto walinufaika? Utafiti wa Malmberg, Mwaura na Sylva, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Ulionyesha kwamba waliosoma katika shule za mpango huu walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao wa shule nyingine za awali. Aidha, wanawake ambao hapo awali hawakuwa na kipato walipata taaluma. Matatizo hayakukosekana. Ada za wazazi zilichelewa, mishahara ya walimu ilikuwa midogo, na baadhi ya walimu waliokwisha kufunzwa walihamia kwenye malipo bora. Hata hivyo, tofauti na harambee ya jukwaani ni wazi. Hapa kila upande ulijua wajibu wake kwa maandishi, aliyetoa fedha hakuiteua kamati, na siku ya kuachiana ilijulikana tangu mwanzo.

Nafasi ya Kiswahili na Wanafunzi Wake

Mkataba hauna maana kwa asiyeweza kuusoma. Utafiti wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa na uwezo wa kutosha wa kusoma na kuandika. Wazazi wa aina hiyo ndio wanaoitwa kuidhinisha bajeti ya shule, tena mara nyingi kwa Kiingereza. Mzazi asiyeelewa karatasi iliyo mbele yake hutia dole gumba, hupiga makofi na kurudi nyumbani. Kisheria ameshiriki, kwa hakika hakuwapo.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na katika Kifungu cha 53 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hizi mbili zinapaswa kukutana katika mkutano wa wazazi. Tunapendekeza mambo matatu ambayo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuyafanya bila ya kungoja bajeti ya mtu.

Mosi, vyama vyetu vishirikiane na shule zilizo jirani na vyuo vikuu kuandaa kwa Kiswahili sanifu na chepesi nyaraka za kamati: ajenda, kumbukumbu, katiba za vikundi na taarifa za fedha. Msamiati upo. Mapato, matumizi, salio, stakabadhi, zabuni na mkaguzi ni maneno ambayo mzazi akielezwa mara moja hayamtoki tena. Pili, wanafunzi wajitolee kufundisha madarasa ya ngumbaru wakati wa likizo, wakitumia nyaraka hizo hizo kama matini ya kusomea. Mtu mzima husoma kwa hamu zaidi anachosomeshwa kinapogusa fedha zake. Tatu, watafiti wa fasihi simulizi wakusanye nyimbo, hotuba na masimulizi ya harambee kutoka kwa wazee waliojenga shule za miaka ya 1960 na 1970. Wengi wa wazee hao wanatutoka, na rekodi ya namna walivyoamua, walivyogombana na walivyopatana ni elimu ambayo haimo katika ripoti za serikali.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba jamii za Kenya hazijawahi kukosa moyo wa kuchanga. Kuanzia shule huru za miaka ya 1930, kupitia shule za harambee na vikundi vya mabati, hadi shule za awali za madrasa, maskini wamekuwa watoaji wakubwa wa elimu yao wenyewe. Kilichopungua mara nyingi ni kauli: haki ya kuchagua mradi, kuona hesabu na kumuuliza kiongozi. Tumeeleza pia kwamba mchango wa jamii haupaswi kuwa kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake wa kulipa walimu na kusawazisha maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa kuwa harambee pekee humsaidia zaidi aliye na cha kutoa.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Methali hiyo tumeizoea katika kuhimiza michango. Yafaa tuitumie pia katika kuuliza kibaba kimewekwa wapi, kimepimwa na nani, na mwenye haba yake amepewa nafasi ya kuchungulia ndani.